Mkono wa Kushoto wa Paul Klee

Chukua karatasi nyembamba, ipake rangi nyeusi ya mafuta upande mmoja, kisha iache ikauke nusu. Ikiwa mbichi mno itachafua kila kitu. Ikikauka kabisa haitakufaa. Igeuze, upande mweusi ukae chini, uilaze juu ya karatasi safi. Juu ya zote mbili weka mchoro uliokwisha kuuchora siku za nyuma, wa penseli au wa wino. Sasa shika sindano upite nayo juu ya mistari ya mchoro huo, mmoja baada ya mwingine, ukikandamiza. Ukimaliza, funua. Kwenye karatasi ya chini utaukuta mchoro wako, lakini umebadilika. Mstari uliokuwa mkavu na mnyoofu umeota nywele. Umevimba pale ulipobonyeza, umefifia pale ulipopita haraka. Na pembeni, mahali ulipoegemeza kiganja bila kufikiri, yametokea mawingu meusi ambayo hukuyachora.

Aliyefanya kazi ofisini enzi za taipureta atasema hiyo si chochote ila karatasi ya kaboni, na hatakuwa amekosea. Tofauti ni kwamba karani alihangaika nakala itoke safi, na alama ya kidole ilimlazimu aanze upya. Paul Klee aliitaka ile alama ya kidole. Kuanzia 1919 hadi katikati ya miaka ya 1920 alitengeneza picha zaidi ya mia mbili kwa njia hii. Mstari ulipotulia, alimwaga rangi za maji juu yake. Mafuta na maji hayachanganyiki, kwa hiyo rangi ilitambaa, ikaloa, ikapauka, na mstari ukabaki umesimama palepale.

Picha yake ya mwaka 1922 ya mashine ya ndege, ambayo sasa iko katika jumba la sanaa la MoMA mjini New York, ilitoka hivyo. Ndege wanne, miguu mithili ya njiti, wamesimama juu ya waya, na waya umeunganishwa na mkono wa kuzungushia. Midomo wazi, na kutoka kila mdomo kumechomoza kitu kigumu ambacho huenda ni ulimi na huenda ni mlio wenyewe. Anayetazama anaelewa mara moja: ukizungusha, wataimba. Anaelewa pia kwamba huenda si vizuri kuzungusha. Nyuma ya ndege kuna ukungu wa buluu na urujuani, na juu ya ukungu huo kuna madoa ya weusi uliodondoka kutoka kwenye ile karatasi ya mafuta. Yaondoe madoa hayo, ubaki na mchoro safi wa wino, nawe utakuwa na kikatuni kizuri cha gazeti. Pamoja na madoa, ile mashine ina umri, ina kutu, na kuna mtu aliyeigusa.

Nimeanza na hii karatasi nyeusi kwa sababu maelezo mengi kuhusu Klee na utoto wake huanzia pengine. Huanzia kwenye macho makubwa ya wahusika wake, nyumba zake zilizopinda, jua lake la duara, halafu hutangaza kwamba huyu alikuwa mtu mzima mwenye roho ya mtoto. Sifa ya namna hiyo naiona ni ya uvivu. Watu wazima wenye roho ya mtoto ni wengi, na wengi wao hawachori kitu cha kutazamwa mara mbili. Siku hizi zipo hata semina za kumtafuta mtoto aliye ndani yako, watu wakigawiwa kalamu za rangi na kuambiwa wajiachie. Wanajiachia, na kinachotoka ni michoro ya watu wazima waliojiachia. Klee hakujiachia hata kidogo. Alijijengea njia za kazi, moja baada ya nyingine, za kuukamata mstari alioupoteza akiwa na miaka kama mitano, na njia hizo ndizo zinazostahili kutazamwa kwa subira.

Alizaliwa Desemba 1879 huko Münchenbuchsee, karibu na Bern, Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, mama yake aliusomea uimbaji, na yeye mwenyewe alishika fidla akiwa mdogo sana, akaipiga maisha yake yote. Kuchora alikupata kwa bibi yake mzaa mama. Bibi ndiye aliyempa chaki za rangi na kumwonyesha namna ya kuzitumia. Klee aliandika baadaye katika shajara yake kwamba bibi alipofariki, yeye akiwa na miaka mitano, msanii aliyekuwa ndani yake alibaki yatima.

Shajara hiyo inaanza na kumbukumbu za utotoni, fupi fupi, bila pambo. Mojawapo inasema kwamba alipokuwa na miaka mitatu au minne alichora mashetani, na mara mashetani yale yakawa kweli. Akakimbilia kwa mama yake na kumshtakia kwamba vishetani vimemchungulia dirishani. Nyingine ni ya alipokuwa na miaka tisa, katika mkahawa wa mjomba wake, mtu mnene kupindukia. Meza za mkahawa huo zilikuwa za marumaru iliyong'arishwa, na mtoto aliketi akitazama mishipa ya jiwe hadi sura za vioja zikajitokeza, kisha akazifuata kwa penseli. Zingatia penseli ile ilikuwa ikifanya nini. Haikubuni sura. Ilipita juu ya mstari uliokuwapo tayari, ikaufuata, ikauvuta uje juu. Miaka 30 baadaye alikuwa ameketi na sindano yake na karatasi nyeusi, akifanya kazi ileile.

Katikati hapo ndipo palikuwa pagumu. Alikwenda Munich akajifunza kuchora mwili wa binadamu, na mwaka 1900 akaingia darasa la Franz von Stuck katika chuo cha sanaa cha mji ule. Akazunguka Italia. Mwaka 1902 alirudi Bern nyumbani kwa wazazi, hana kazi, hana pesa, na humo nyumbani akaikuta michoro yake ya utotoni imewekwa. Akamwandikia mchumba wake, Lily Stumpf, kwamba katika yote aliyoyafanya mpaka siku ile, hiyo ndiyo yenye maana kubwa kuliko yote.

Msanii mwingine angeirukia siku hiyohiyo. Angeanza kuchora vichwa vya viazi na mikono ya fimbo, na kuita mtindo mpya. Klee alifanya kinyume. Kati ya 1903 na 1905 alikaa akichonga bamba za zinki kwa sindano na tindikali, akachapa picha za watu uchi waliokonda, mishipa imewatoka, kila kano imehesabiwa, kwa usahihi wa daktari mpasuaji. Katika picha mojawapo wanaume wawili wamekutana na kila mmoja anamwinamia mwenzake akidhani huyo ana cheo zaidi. Inachekesha, tena ni kazi ya fundi hodari. Lakini mtoto wa bibi hayumo hata kidogo. Ni kama kwamba, akishajua anataka kwenda wapi, aliona aibu kufika huko bila kulipa nauli yote. Baada ya hapo alijaribu kukwaruza kwa sindano juu ya kioo kilichopakwa weusi, na hapo mstari ukaanza kulegea kidogo, kwa kuwa kioo kinateleza na hakimpi fundi mahali pa kujidai.

Tatizo lake analijua kila fundi. Mtu akishajua kuchora, mkono haumsubiri tena. Mwambie achore mti, mti umeshatoka kabla hajautazama, na ni mti uleule aliouchora mwaka jana. Mtoto wa miaka mitatu hana mkono wa namna hiyo. Anazungusha kipande cha mkaa ukutani, anasimama, anatazama kilichotokea, ndipo anasema: huyu ni bibi. Jina linakuja baada ya mchoro. Wenye nyumba wanaona ukuta umechafuliwa. Mtoto ameona bibi amefika.

Turudi sasa kwenye ile sindano. Anayepita juu ya mchoro kwa sindano hauoni mstari mpya. Anaona wa zamani tu, ulioko juu. Ule unaozaliwa uko chini ya karatasi mbili, gizani. Mkono hodari umefungwa macho. Hauwezi kujirekebisha katikati, hauwezi kuongeza madaha, na kiganja kinapoegemea kinatia neno lake bila ruhusa. Mpaka karatasi ifunuliwe, Klee hajui alichokifanya. Akishafunua, anatazama, anamwaga rangi, anatazama tena, na mwishoni kabisa, kazi ikiwa imekamilika, ndipo anaipa jina. Hiyo ilikuwa desturi yake: majina yake maarufu, yale ya kuchekesha na ya kutisha, yalikuja mwisho. Alijitengenezea kwa mafuta na karatasi hali ambayo mtoto anaipata bure.

Na jina lenyewe aliliandika wapi? Hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi zake, na ni rahisi kulipita. Klee alibandika michoro yake kwenye karatasi ngumu, kisha chini ya mchoro akapiga mstari kwa rula, na juu au chini ya mstari huo akaandika mwaka, namba na jina la kazi, kwa mwandiko wa karani. Sasa, Klee alikuwa akichora kwa mkono wa kushoto. Kuandika aliandika kwa kulia, kama shule za wakati ule zilivyotaka. Sisi tuliolelewa kwa kupigwa kofi la mkono tukipokea kitu kwa kushoto tunaelewa vizuri mkono upi ni wa nyumbani na upi ni wa kufundishwa. Karibu kila karatasi ya Klee ina mikono yote miwili: juu umecheza ule ambao hakuna mwalimu aliyeufundisha kuandika, chini umetia hesabu ule uliokwenda shule. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Mtu mzima hakujificha ili mtoto aonekane. Aliketi chini ya picha, akapiga rula, akatunza kumbukumbu.

Utunzaji huo ulianza rasmi mwaka 1911, alipofungua daftari la kazi zake zote. Alikuwa na miaka 31, anaishi Munich, hajulikani. Akaamua kurudi nyuma na kuorodhesha kila kitu tangu mwanzo, na mwanzo kwake ulikuwa michoro 18 ya utotoni, ile ya kati ya miaka mitatu na kumi. Mmoja ni wa mwanamke mwenye mwavuli, wa penseli. Michoro hiyo ikapewa namba kama kazi nyingine zote. Na kazi alizozifanya darasani chini ya jicho la walimu? Hizo aliziacha nje ya daftari. Ukilifikiria hilo kama uamuzi wa kihasibu, ni la ukali wa ajabu. Miaka ya ada, ya vielelezo vya misuli, ya kusifiwa na profesa, haimo. Mtoto wa miaka minne yumo, tena ndiye wa kwanza. Wengi tunazitunza picha zetu za utotoni kwa mapenzi, kwenye bahasha, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Klee hakuzitunza kwa mapenzi tu. Alizihesabu kama kazi ya fundi mwenzake aliyemtangulia.

Wakati huo mtoto mwingine alikuwa ameshaingia nyumbani. Felix alizaliwa Novemba 1907, na kwa kuwa Lily ndiye aliyeleta pesa kwa kufundisha piano, Klee alibaki nyumbani akipika, akifua, akimlea mwana. Jikoni ndimo alimochorea. Alikuwa na kalenda ya kuandikia maendeleo ya mtoto: amesema nini, ameumwa nini, amekua kiasi gani. Felix alipoanza kuchora, baba yake aliibandika michoro ya mtoto kwenye karatasi ngumu kama alivyoibandika yake mwenyewe. Mwaka 1912, akiandika katika jarida moja la Uswisi kuhusu wasanii wapya wa Munich, alisema kwamba mianzo ya sanaa ipo hata katika chumba cha watoto, na kwamba msomaji asicheke. Alijua anachokisema. Alikuwa ameandika ukurasa ule katika nyumba yenye chumba hicho.

Ndipo vikaja vikaragosi. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto na Klee mwenyewe ameshaitwa jeshini, Felix alitimiza miaka tisa na kupata zawadi ya vikaragosi vya kuvaa mkononi. Baba na mwana walikuwa wameona maonyesho ya aina hiyo kwenye gulio la Munich, na wale wa kwanza walikuwa wahusika wa kawaida wa michezo ya Kijerumani: mcheshi Kasperl, mkewe, askari, shetani, mauti. Nguo zao zilishonwa na Sasha von Sinner, ambaye baadaye, kwa jina la Sasha Morgenthaler, alisifika kwa wanasesere wake. Mpaka 1925 Klee alikuwa ametengeneza vikaragosi kama 50. Baadhi viliteketea mji wa Würzburg ulipopigwa mabomu mwaka 1945. Thelathini vimebaki, viko Bern katika jumba la Zentrum Paul Klee.

Vichwa ni vya plasta, vingine vimejengwa juu ya mfupa wa ng'ombe. Mfupa wa supu, yaani. Mtu anayepika ndiye anayejua kwamba pingili ya mfupa, ikishachemshwa na kukauka, tayari ina paji la uso na mashimo ya macho, na inahitaji kusaidiwa kidogo tu. Kimoja cha mwaka 1923 kina kichwa kilichotokana na soketi ya umeme, nacho ni mzimu wa umeme. Kingine, cha 1925, ni jini aliyejengwa kwa vibiriti. Miili ni mabaki ya vitambaa, vipande vya pazia na nguo kuukuu, mishono mikubwa inayoonekana, ambayo baadaye aliishona mwenyewe. Kipo hata kimoja cha sura yake, cha 1922: uso mpana, macho makubwa mno yaliyochoka. Mtu wa tabia yake, mkimya, mwenye heshima zake, profesa wa chuo cha sanaa cha Bauhaus, alimpa mwanawe kichwa chake mwenyewe akivae mkononi na kumsemesha anavyotaka. Na Felix alimsemesha. Huko Weimar, kilikokuwa chuo hicho, alikuwa akicheza michezo ya kuwadhihaki walimu wa Bauhaus, baba yake akiwa miongoni mwao.

Ukivitazama vikaragosi hivi kwa karibu, unaona uamuzi wa fundi katika kila kimoja, na uamuzi wenyewe ni kuacha mapema. Ile soketi haikufunikwa ili isionekane soketi. Matundu yake yameachwa yafanye kazi ya uso. Rangi imepakwa mara moja, pengine haikufika ukingoni. Fundi wa kawaida angeendelea: angelainisha plasta, angeficha mshono, angepaka koti la pili. Klee anajua kwamba kikaragosi kinamaliziwa na sauti ya atakayekivaa, na ukikimaliza mwenyewe unamnyang'anya mtoto nusu ya kazi. Nimewaona mafundi wachache sana, wa chochote, wenye uwezo wa kuacha pale.

Na hapa lile daftari linanishangaza tena. Vikaragosi havimo. Michoro ya mtoto Paul ina namba. Vikaragosi vya profesa Klee, ambavyo leo vinapangwa kwenye makabati ya kioo na kuandikiwa vitabu, havina. Hakuvionyesha kama kazi, hakuviuza. Watafiti wanaweza kusema alivihesabu kama vitu vya nyumbani tu. Mimi nadhani mpaka alioupiga ulikuwa na akili zaidi ya hapo. Mchoro wa utotoni ulikuwa wake, akawa na haki ya kuudai. Kikaragosi kilikuwa cha Felix.

Kejeli haikumkosa. Hata mtoto wangu anaweza kufanya hivi: maneno hayo yamemfuata Klee tangu mwanzo, na yako hai hata leo kwenye kumbi zote anazoonyeshwa. Jibu lake aliliandika mapema, mwaka 1909, katika shajara: kwamba kazi zake zikionekana za kitoto au za kishenzi, ni kwa sababu ya nidhamu ya kupunguza mambo mpaka yabaki machache, na huko ni kubana matumizi tu, tena kwa mtu mwenye ujuzi. Jibu la haki, ingawa linamwacha mtoto nje ya mlango kuliko inavyostahili. Baadaye kejeli iligeuka sera ya serikali. Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa kwenye kazi ya ualimu Düsseldorf, naye akarudi Bern. Mwaka 1937 waliondoa kazi zake 102 kwenye makumbusho ya Ujerumani, na 17 wakazitundika Munich katika maonyesho ya kudhalilisha sanaa waliyoiita iliyooza, huku kitabu cha maonyesho kikimlinganisha na wagonjwa wa akili. Ile mashine ya ndege ilikuwa mojawapo ya walizoziondoa, kutoka Berlin. Ndivyo ilivyofika sokoni, na mwaka 1939 ikanunuliwa na MoMA.

Bern ilimpokea nusunusu. Alizaliwa karibu na pale, alisoma pale, lakini baba yake alikuwa Mjerumani, kwa hiyo mbele ya sheria naye alikuwa Mjerumani. Aliomba uraia wa Uswisi na akafariki kabla hajaupata. Kuanzia 1935 aliugua ugonjwa ambao madaktari baadaye waliutambua kuwa unaokaza ngozi na viungo vya ndani. Kumeza chakula kukawa kazi. Mwaka 1936 daftari lake lina kazi 25 tu.

Kisha mwaka 1939, kwa hesabu yake mwenyewe, zikawa 1,253. Lily aliwaandikia rafiki zao kwamba mumewe anakaa usiku hadi saa tano na karatasi baada ya karatasi inaanguka chini. Mistari ya miaka hiyo ni minene, imetengana, rangi mara nyingi imechanganywa na gundi na kupakwa kwenye gazeti au gunia, na majina yanarudi tena na tena kwenye michezo ya watoto. Karatasi nyeusi ya mafuta ameshaiacha zamani, na hahitaji tena kuufunga mkono macho. Wengine wanaiona miaka hii kuwa kilele chake chote. Mimi nazipenda zaidi kazi za sindano, kwa sababu ndani yake unamsikia mtu akihangaika. Lakini kuna kundi moja la 1939 ambalo halina mfano, nalo ni malaika.

Ni michoro ya penseli mitupu, mistari michache kila mmoja. Hawa si malaika wa makanisani. Mmoja amevaa kengele, mmoja yuko chekechea, mmoja ni msahaulifu. Huyo msahaulifu anafahamika kuliko wote. Ameinamisha uso, macho yameangalia chini, tabasamu dogo la mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, mikono imekunjana kifuani. Fuata penseli. Mabawa yamejengwa kwa mistari mirefu iliyopinda kidogo, inayokatizana bila kuogopa kupita mwilini, kama mtoto anavyochora, maana mtoto haoni sababu ya kitu kilicho mbele kukificha kilicho nyuma. Hakuna kivuli, hakuna sehemu iliyorudiwa, hakuna alama ya kifutio. Ila njoo kwenye vidole. Hapo mistari imejibana, imekuwa midogo, na kila kidole kimekaa mahali ambapo kidole hukaa kweli mtu anapoviminya vidole vyake kwa aibu. Mtoto hawezi kuchora vidole vile. Alivichora mtu aliyesomea mifupa ya mkono Munich, akayaacha masomo hayo nje ya daftari lake, na miaka 39 baadaye akayatumia kwa sentimita chache za penseli, mahali pamoja tu palipoyahitaji.